Mzunguko Usiofanya Kitu

Nilipoanza kuijenga programu ya Sautinne ilikuwa saa nne asubuhi, na saa nne hiyo ikagoma kuondoka. Katika mji wetu ndivyo ilivyo. Mtu akianza kujenga programu kutoka kwenye msimbo wake, muda wa nje husimama kumpisha mpaka kazi yake ikamilike, na mtaa mzima huishi kwa asilimia zinazopanda kwenye kioo cha kompyuta yake. Majirani hawakuulizi umeamkaje. Wanapita dirishani na kuuliza, "Imefika ngapi?" nawe unajibu, "Kumi na mbili," wanaguna, kisha wanaendelea na safari zao ndani ya asubuhi isiyokwisha. Wenye nguo za kuanika hufurahi. Wenye kusubiri chakula cha mchana hunisema vibaya, nami siwalaumu, maana hata tumbo langu lilikuwa linadai ugali ambao saa yake haikuwepo.

Tumebaki wachache tunaojenga. Wengine wote huchukua vitu vyao Ghalani, vikiwa tayari: viatu, sala, programu, hata maoni kuhusu majirani. Unataja jina la kitu, kinakuja kimepigwa lakiri, kinafanya kazi palepale, ila hutakifungua ukaona kimetengenezwaje. Watu husema, ya nini kujua? Kinafanya kazi, basi. Mimi nilizaliwa nikiuliza kuna nini ndani, na mama yangu alipoteza redio mbili kwa sababu hiyo. Kompyuta yangu inaendeshwa na Linux, mfumo ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuusoma, na ambao ni tabia zaidi kuliko mashine, tabia ya kutokubali kuambiwa "usijali, tumekufanyia." Kila jambo ninaloliona najiuliza swali moja, na swali hilo ndilo linalonitembeza katika hadithi hii yote: kitu kikishafungwa, aliyekiandika anakuwa wapi?

Nieleze kidogo, asije msomaji akadhani nazungumzia uchawi. Programu huandikwa kwanza na mtu, kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyasoma. Hayo ndiyo msimbo. Kisha huja kompaila, msomaji asiye na mzaha, ambayo huyapitia maneno hayo mstari kwa mstari na kuyageuza kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine peke yake. Mwandishi anaruhusiwa kuweka maelezo pembeni, kumwambia mwenzake atakayekuja kwa nini alifanya hivi na si vile. Kompaila ikifika kwenye maelezo hayo, huyaruka. Haiyachukii, hayaihusu tu. Ndiyo maana kitu kinachotoka Ghalani hakina sauti ya aliyekitengeneza. Sauti imebaki kwenye msimbo, na msimbo uko kwenye chumba ambacho ufunguo wake hatujauona.

Sautinne iliandikwa na Mwalimu Tunsume. Alifundisha kwaya yetu ya mlimani wakati mimi ni msichana wa sauti ya pili, na alikuwa na penseli moja fupi ambayo aliigonga mezani kila mara mtu alipowahi kuingia kabla ya zamu ya sauti yake. Aliyewahi alikuwa mimi. Hakukuwa na programu ya kuandika noti za sol-fa kwa sauti nne jinsi alivyozitaka, basi akajifunza kuandika programu, akaitengeneza mwenyewe, na ndani yake akatunga wimbo wa mwisho ambao kwaya haikuwahi kuuimba. Mashine yake ya zamani ilikufa na Sautinne iliyokuwa imejengwa tayari. Kilichobaki ni folda ya msimbo, faili la wimbo lisilofunguliwa na programu nyingine yoyote, na karatasi moja ya noti.

Na Mwalimu mwenyewe amebaki, ila anasahau. Anasahau kama mtu anayehama nyumba taratibu, leo kiti, kesho meza. Anaishi kwangu. Mwezi huu ameniita Rehema, ameniita Bahati, ameniita dada, na siku moja aliniuliza kwa heshima kama barua zake zimefika. Inaniuma, na sitajifanya kwamba hainiumi. Kuna kitu kinavunjika mtu aliyekufundisha kuimba anapokuuliza kama wewe ni wa hapa.

Asilimia thelathini na nne, Karani Shekue akapiga hodi. Ni mtu wa Ghalani, mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Umefuata njegere?" Mwalimu alikuwa mezani akimenya njegere, bakuli mbele yake, maganda kila mahali.

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya ule wimbo."

"Wimbo upi?"

Karani akanitazama. Mimi nikatazama asilimia.

Sheria ya Ghala ni fupi: kazi isiyo na mtu anayeijua huwa mali ya Ghala. Karani aliitoa fomu, akailaza mezani akiyasogeza maganda kwa kidole. Fomu ilikuwa na sharti moja. Mwenye kazi atasikilizishwa kazi yake mara mbili, na bila kusaidiwa ataje jambo moja kuihusu ambalo halikuandikwa kwenye karatasi. Akishindwa, kazi inafungwa pamoja na chombo kilichoitengeneza.

"Na msimbo?" niliuliza.

"Na msimbo. Vyote."

"Halafu nani ataweza kuusoma?"

"Hakuna atakayehitaji kuusoma, dada Nyamizi. Utakuwa unafanya kazi." Akaona uso wangu. "Sheria sikuitunga mimi. Natumwa tu."

"Hata kompaila husema hivyo."

Akacheka kwa adabu, akavuta kiti. "Hata hivyo sina haraka. Nimeacha chai motoni tangu saa nne. Najua haijachemka."

Kujenga ni kutembea nyumba kwa nyumba. Sautinne ilitaka maktaba ya kuchora herufi, yaani fungu la msimbo wa watu wengine la kuegemea. Maktaba ya herufi ilitaka maktaba ya rangi. Ile ya rangi ilitaka ya kupima vipimo vya kioo, na ya kupima vipimo, bila haya, ikataka maktaba ya herufi, toleo la miaka kumi iliyopita. Kila mlango ukiubisha unaambiwa siyo hapa, jaribu kwa yule, na yule amekaa kibarazani anakusubiri akurudishe ulikotoka. Zamani jambo hili lilinikasirisha. Siku hizi najiuliza kama kuna mtu aliyewahi kujengwa kwa namna nyingine. Mimi ni Nyamizi kwa sababu ya mama aliyevumilia redio mbili, na mama alikuwa mvumilivu kwa sababu ya dada yake mkali, na dada yake alikuwa mkali kwa sababu ya jambo fulani lililotokea kisimani kabla sijazaliwa ambalo nyumbani halizungumzwi. Ukiondoa jambo la kisimani, mimi sijengeki. Nilizitafuta maktaba zote, moja moja, nikazijenga kwa mpangilio wake, na asilimia zikapanda.

Sasa nikiri kosa langu. Kompaila ina ngazi za kubana kazi. Ngazi ya sifuri hutafsiri kila ulichoandika, pamoja na upuuzi wako. Ngazi ya tatu hutafuta kila kisicho na matokeo na kukiondoa, ili programu itoke nyepesi na ikimbie. Sisi wajenzi ni watu wa kujionyesha. Kujenga kwa ngazi ya sifuri kwetu ni kwenda harusini na kandambili. Nikaweka ngazi ya tatu, bila kulazimishwa na mtu. Maonyo yakapita kwenye kioo kwa rangi ya njano, mojawapo likisema kuna sehemu haina matokeo yoyote, nami nikaliacha lipite. Mjenzi anayesoma maonyo yote hajazaliwa.

Mia kwa mia. Nikalifungua faili la wimbo, nikabonyeza. Sauti nne za mashine zikaimba ubeti wa kwanza, na kabla hujasema umeisha, ubeti wa pili ukawa umeshaingia, na wa tatu ukaukanyaga wa pili. Noti zote zilikuwa sahihi. Karani alifuata kwenye karatasi kwa kidole, akitikisa kichwa kukubali.

Mwalimu aliendelea kumenya. "Wa nani huo?"

"Ni wako, Mwalimu," nilisema.

"Hapana, mama. Siyo wangu. Huyo anayeimba hana mapafu."

Karani akaandika: mara ya kwanza. Nje jua lilikuwa limekaa palepale, maana kazi iliyojengwa vibaya haihesabiwi kuwa imejengwa.

Hana mapafu. Nilirudi kwenye kioo na maneno hayo mawili. Nani hana? Mashine haina, hilo linajulikana. Haikuwa nayo hata zamani, mbona zamani ilipumua? Nakumbuka iliimba chumbani kwake na sisi tukiwa mlangoni, na ilipumua, niliisikia. Au nilijisikia mwenyewe? Labda nilikuwa napumua kwa niaba yake. Labda yote niliyoyapenda yalikuwa yanapumua kwa kifua changu.

Nikaacha kujisemesha. Nikafungua msimbo kuusoma, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya yote.

Nilimkuta humo. Ndani ya folda hiyo Mwalimu Tunsume ana miaka thelathini na mmoja, ana hasira za karibu, na hasahau kitu. Pembeni mwa mistari anagombana na mashine, anajisifu, anajikosoa. Mahali pamoja ameandika: "Nilikosea hapa jana, leo sijui ni vipi jana nilikuwa mjinga kiasi hiki." Mahali pengine, katika sehemu inayopanga sauti ziingie lini, ameandika: "Sauti ya pili ianze hapa, si kabla. Nyamizi atawahi, kama kawaida yake." Nilisoma mstari huo nikageuka kumtazama yule aliye mezani. Mmoja ananijua jina na hawezi kunisikia. Mwingine ananisikia na hanijui. Mita tatu kati yao, na miaka yote hiyo, na mimi katikati nimeshika kipanya cha kompyuta. Nililia kidogo. Karani alijifanya anasoma ile karatasi yake.

Kisha nikaupata mzunguko. Ulikuwa kati ya ubeti na ubeti: amri inayoiambia mashine ihesabu moja, mbili, tatu, mpaka milioni arobaini, na ikimaliza isifanye lolote. Pembeni yake Mwalimu alikuwa ameandika: "Hapa tunapumua. Mzunguko huu haufanyi kitu. Mtakaokuja, msiuondoe. Hesabu nimeipima kwa kifua changu baada ya kupanda mlima, maana hakuna anayeimba hapa bila kuupanda." Niliyasoma kama tusomavyo sote tukiwa na haraka, nikachukua nililolihitaji, mengine nikayaacha.

Basi pumzi ilikuwa kuhesabu bure. Kompaila ilifika hapo, ikaruka maelezo, ikaona hesabu isiyoleta kitu, ikaikata. Na ilikuwa na haki. Mimi ndiye niliyeiambia ikate kila kisicho na matokeo. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, kama muda unaweza kuwa mrefu saa inaposimama. Nilifikiria usingizi. Nilifikiria watu wanaokaa matangani, siku tatu kwenye mikeka, hawajengi, hawalimi, hata maneno yao ni yaleyale, pole, ndiyo dunia, pole. Ukiipa kompaila mji mzima iujenge kwa ngazi ya tatu, itaanza kwa kuwaondoa hao. Mji utatoka mwepesi, utakimbia, hautakwama popote, na mfiwa atabaki na nyumba yake tupu. Nilifikiria jioni ninazokaa na Mwalimu bila kusema kitu, yeye hajui mimi ni nani, mimi sijui nimwambie nini, na jirani mmoja aliyewahi kuniuliza jioni hizo zinasaidia nini hasa. Najua tu kwamba zikiondolewa kinachobaki hakiwi sisi.

Nilijenga upya kwa ngazi ya sifuri. Kandambili harusini, na iwe. Dirishani wakauliza, "Imefika ngapi?" nikajibu, "Naanza tena," wakaondoka wakilalamika. Ilipokamilika nikasikiliza peke yangu kwa spika za masikioni. Pumzi ilikuwepo, lakini fupi kuliko kupepesa jicho. Mashine ya Mwalimu ilikuwa ya kizamani, ikihesabu milioni arobaini kwa kujikokota. Yangu inazimaliza kabla hujafumba mdomo. Ilibidi niongeze hesabu. Kwa kiasi gani? Hilo halikuandikwa popote, kwa kuwa lilipimwa kwa kifua.

Na kifua kilikuwa hapo mezani.

Nikaandika programu ndogo ya kuhesabu, nikakaa mkabala naye. Mwalimu humenya huku akivumisha sauti puani, vipande visivyo na wimbo, na kati ya kipande na kipande huvuta hewa. Alipoanza kuvuta nilibonyeza. Alipoanza kuvumisha tena nilibonyeza. Mara saba. Karani alinitazama akauliza kwa sauti ya chini, "Hiyo siyo kumsaidia?"

"Sijamwambia neno."

"Sikusema umemwambia." Alikuwa ameinama. "Nauliza tu, ukimaliza, utakaochezwa ni wimbo wake au ni wako?"

Swali lake lilinichoma kwa sababu lilikuwa langu. Ninamrudishia alichotunga, au ninamtengenezea kumbukumbu ya kufanana naye ili nisiachwe peke yangu? Nilichukua wastani wa zile mara saba, nikauweka mahali pa milioni arobaini, nikajenga mara ya tatu.

"Mara ya pili," Karani alisema, akashika kalamu. "Na ya mwisho, dada. Unisamehe."

Nilichomoa spika za masikioni ili tusikie wote. Nikabonyeza.

Ubeti wa kwanza ulipita. Mwalimu alikuwa ameshika ganda moja la njegere, hajalipasua. Ubeti ukaisha. Kimya kikaingia, kimya cha kweli safari hii, nikamwona kifua kinapanda, nami moyoni nikasema nimepatia. Kisha mashine ikaanza ubeti wa pili.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaichomoa kalamu vidoleni mwa Karani, akagonga meza mara moja.

"Bado."

Nikaizima mashine.

"Nyamizi," alisema, wala hakunitazama, alikuwa anatazama mbele mahali ambapo kwaya husimama, "kila siku nakwambia hilohilo. Unawahi."

Nilisema upuuzi. "Ni mashine, Mwalimu."

"Mashine gani? Ni wewe. Umepima mtu aliyekaa."

Karani alikuwa ameigeuza karatasi ya noti, akaitazama nyuma, akaigeuza tena mbele. Aliuliza taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtoto, "Mwalimu, hapo tunasubiri nini?"

"Waliopanda mlima, baba. Wengine ndiyo kwanza wanafika mlangoni. Utaanzaje ubeti na mwenzako hajarudisha pumzi?"

Karani alitazama fomu yake. Ilikuwa chini ya maganda, na sehemu ya kujibu ilikuwa wazi. Akapapasa mfuko wa shati kutafuta kalamu, halafu akakumbuka iko wapi. Ilikuwa hewani, mkononi mwa Mwalimu, imeinuliwa kama penseli ile fupi. Hakuiomba. Aliweka mikono yote miwili mezani akatulia.

Sijui kesho ataniita nani. Nililijua hilo hata pale. Nilijua pia kwamba nitarudi kwenye msimbo, niiongeze ile hesabu, na chini ya maelezo yake niandike yangu, yatakayorukwa na kompaila pamoja na yake. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa anafanya kitu. Tulikaa watu watatu mezani, kalamu iko juu, tukiwasubiri watu tusiowaona wamalize kupanda. Nilivuta hewa, nikaizuia, nikamtazama. Nje kivuli cha kamba ya nguo kikasogea kidogo ukutani.

"Sasa," akasema, na tukaingia, mimi kwa sauti ya pili, na Karani, kumbe, kwa besi.